Theluthi ya Chini

Siku ya tatu Rihab alikuwa bado amelala kifudifudi sebuleni, paji la uso juu ya taulo lililoviringishwa, akizungumza na sakafu. Daktari aliyemshona jicho alikuwa amesema siku kumi na nne. Asiinue kichwa ila kwa kula na kwenda msalani, kwa sababu ndani ya jicho wamemtia kiputo cha gesi, na kiputo hicho lazima kiikandamize ngozi ya nyuma iliyobanduka mpaka ishike. Akilala chali kiputo kitahama na kazi yote itakuwa bure. Jicho la kulia liliharibiwa na surua alipokuwa mtoto. Lililobaki ni hili la kushoto, nalo lilikuwa limefungwa bandeji.

Karibu na kichwa chake, juu ya mto, kulikuwa na kipande cha kitambaa cheusi chenye ukubwa wa trei ya chai. Hicho kilikuwa kifua cha gauni la bi harusi. Theluthi mbili za juu zilikuwa zimejaa uzi mwekundu hata weusi wa kitambaa hauonekani: safu tatu za nakshi tunayoiita hema za Pasha, na chini yake vilele vya miti ya miberoshi vikianza kuchomoza. Theluthi ya chini ilikuwa tupu. Bi Nuzha, anayewagawia kazi wanawake wa kijiji chetu, angekuja kukichukua Jumapili ya wiki iliyofuata, akiunganishe na mikono na mbavu zilizotariziwa na wengine, na Alhamisi bi harusi avae gauni kwenye sherehe yake ya hina.

"Umehesabu?" Rihab aliiuliza sakafu.

"Nimehesabu, mama," akajibu Dalal, binti yake wa miaka kumi na tano.

"Ngapi?"

Dalal akarudi mwanzo wa safu. Alikuwa ametoka shule, amepika dengu, amefua, na tangu alasiri alikuwa akipigana na sindano. Alihesabu kumi na moja, akahesabu tena akapata kumi na mbili. Isitoshe mkono wake ulikuwa unavuta mno, na mahali alipopita kitambaa kilijikunja kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Baba yake, Nimr, aliyekuwa kwenye kiti kando ya mlango akijifanya anasikiliza redio, aliyaona yote hayo. Aliona pia machozi yanamlengalenga mtoto, akainuka, akamnyang'anya kitambaa, akaenda nacho dirishani.

Nimr alikuwa fundi vigae. Kwa miaka thelathini alikuwa ameweka sakafu za jikoni na bafu za watu ng'ambo ya ukuta wa mpakani, mpaka kibali chake cha kufanya kazi huko kilipofutwa pamoja na vya wenzake wote. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika. Tangu siku ile nyumba ililishwa na sindano ya Rihab, na Nimr alizoea kukaa kwenye kile kiti kando ya mlango, tayari kutoka kama kuna atakayemwita. Hakuna aliyemwita.

Akaivaa miwani yake ya kusomea, akakikunjua kitambaa, akatazama ile chachi nyembamba ya kuhesabia iliyotandazwa juu yake, ambayo kazi ikiisha huchomolewa uzi mmoja mmoja. Vilikuwa viboksi vidogo, safu kwa safu. Akashusha pumzi.

"Hivi ni vigae tu," akasema.

Rihab alicheka, ikabidi ajizuie, maana daktari alikuwa amekataza hata kucheka.

* * *

Lazima niseme kwa nini hawakumwambia Bi Nuzha ukweli tangu mwanzo, maana wapo mpaka leo wanaowalaumu.

Kwetu kifua cha gauni hapewi kila mtu. Mwanamke anaingia mahali na watu wanamtazama kifuani kwanza, si kwa ubaya, bali kuona nani amemtarizia. Rihab alikishika kifua miaka kumi na minane. Malipo yake ni mara mbili ya malipo ya mikono ya gauni, na heshima yake haina kipimo. Lakini miaka mitatu nyuma Mama Sabri, ambaye naye alikuwa wa vifua, alipata baridi yabisi ya vidole. Bi Nuzha alimwambia kwa upole kabisa, "Pumzika kwanza, Mama Sabri." Akapumzika. Mpaka leo anatarizi kingo za foronya, na akizimaliza anashukuru.

Kwa hiyo Rihab alipoanza kuona pazia jeusi likishuka pembeni ya jicho, aliwaambia majirani ni kiuno. Ugonjwa wa kiuno ni ugonjwa wa heshima, kila mwanamke wa miaka hamsini anao. Aliomba kibali cha kwenda hospitali ya macho mjini Kudsi, ng'ambo ya ukuta, na ombi lake likakaa wiki tano, kila akiuliza akiambiwa bado linachunguzwa. Sijui walikuwa wanachunguza nini kwa mama mwenye sindano. Kibali kilipotoka, Nimr alikataliwa kumsindikiza. Rihab akaenda na Dalal, ambaye kwa umri wake hakuhitaji karatasi. Na aliporudi na amri ya kulala kifudifudi, uongo wa kiuno ukafaa zaidi. Majirani waliokuja kumjulia hali walimkuta amejilaza uso chini na shuka mpaka shingoni, wakamwekea dawa zao za mitishamba, wakamwombea kiuno chake, wakaondoka.

Samiha, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyekuja mara nyingi kuliko wote. Samiha alitarizi mikono ya gauni, na mkono wake ulikuwa mzuri, jambo ambalo Rihab alilijua. Kila alipoingia, Dalal alikuwa wa kwanza kukisukuma kitambaa chini ya godoro.

* * *

Kwa hiyo Nimr akajifunza kutarizi akiwa na miaka hamsini na saba, mlango umefungwa kwa komeo na pazia limeshushwa nusu.

Rihab alimfundisha kwa sauti. Uzi usizidi urefu wa mkono mpaka kiwiko, la sivyo utajifunga. Kila boksi ni nyuzi mbili zinazopishana kama alama ya kuzidisha. Mguu wa kwanza unatoka chini kushoto unakwenda juu kulia, na wa pili unarudi juu yake. Miguu ya juu yote ilale upande mmoja, kutoka mwanzo wa kitambaa mpaka mwisho, maana mmoja tu ukilala vingine, mwanga utausema.

"Nani atauona mmoja?" akauliza Nimr.

"Wewe bafu la watu ukikuta kigae kimoja kimekaa kichwa chini, huoni?"

"Naona."

"Basi."

Siku ya kwanza alimaliza miberoshi miwili midogo na vidole vyake vikavuja damu mahali pawili. Ngozi yake ilikuwa ngumu kwa saruji kiasi kwamba hakusikia sindano ikiingia, aliona tu. Siku ya pili aliona kitambaa kinamteleza, hakikai sawa, na fundi hawezi kufanya kazi kwenye kitu kinachochezacheza. Akaenda uani, akatafuta mbao nne nyembamba, akatengeneza fremu, akakibana kitambaa kwa pini za ubao wa matangazo alizoziomba kwa Dalal, kikakaza. Akamwambia mkewe.

"Fremu?" Rihab akasema. "Baba Dalal, kitambaa si sakafu. Sisi tunakishika mapajani."

"Mimi nakitaka kinyooke."

"Mama yangu angekupiga na kiatu."

Lakini akamwachia. Mtu hamfundishi mumewe huku amelala na uso kwenye taulo na bado akawa na nguvu za kubishana naye juu ya mbao. Na kazi ilikuwa inakwenda. Jioni ya siku ya sita tangu upasuaji Nimr aliipeleka fremu kwenye godoro, akaulaza mkono wa mkewe juu yake. Rihab akapitisha ncha za vidole taratibu kuvuka safu, akarudi, akavuka tena. Vilima vidogo vya uzi vilikuwa sawasawa. Akahesabu mberoshi mmoja kwa kidole, matawi saba, shina mishono mitatu. Akavuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu lile pazia jeusi lilipoanza kushuka.

"Nani kakufundisha wewe?" akamwuliza.

"Kuna mwanamke mmoja, hasimami wala hakai."

Usiku ule walikula mkate na mafuta ya zeituni na unga wa majani ya zaatari, Nimr akimmegea na kumpitishia chini ya uso, na nyumba ile ilikuwa na furaha. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba walikuwa na furaha.

* * *

Siku ya nane akapita Ghazi, binamu yake Nimr, mtu mwenye mdomo. Alibisha hodi kwa muda mrefu kabla hajafunguliwa, na alipofunguliwa hakukaribishwa ndani, ikabidi waongee kizingitini. Alikuja kumwita Nimr kwenye karata mbele ya duka la mikate, ambako wanaume wote waliofutiwa vibali huua siku zao. Nimr akasema hana nafasi.

"Huna nafasi? Umepata kazi?"

"Mke wangu mgonjwa."

Ghazi akamtazama usoni, akashuka na macho, akasimama kwenye sweta. Akanyoosha vidole viwili, akachomoa kwenye sufu kipande cha uzi mwekundu, kirefu kama kidole gumba, akakiinua kwenye jua.

"Baba Dalal," akasema, "hii damu au umepata hedhi?"

Nimr akamfungia mlango. Angecheka tu, mambo yangeishia pale. Lakini alifunga, tena kwa kishindo, na Ghazi alikwenda dukani na ule uzi mfukoni, akauweka juu ya meza ya karata na kuwaambia wenzake wabashiri umetoka wapi. Mmoja wa wale wenzake ni mume wa dada yake Bi Nuzha. Mambo yetu yanasafiri hivyo, na hayahitaji kibali.

* * *

Bi Nuzha alikuja asubuhi ya siku ya kumi, siku tatu kabla ya Jumapili, na sahani ya vileja vya tende iliyofunikwa leso. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye kupumua kwa shida anapopanda ngazi, na sitaki msomaji amchukie, kwa sababu yeye naye ana watu juu yake. Familia ya bwana harusi ilikuwa ya Khalil mjini, watu wa duka la vitambaa, wenye shangazi wanne. Alikaa kando ya godoro, akamwombea Rihab kiuno, akauliza alilala vipi, dawa zinasaidiaje, Dalal anasomaje. Akala kileja kimoja mwenyewe ili wengine wasione haya kula.

Kisha akasema, "Mama Dalal, nionyeshe tulipofika. Nina wasiwasi na wale shangazi."

Nimr alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango. Rihab akamwambia mumewe akilete. Nimr akaenda chumbani akakirudisha kama kilivyokuwa, kimekaza kwenye fremu. Alikipa Bi Nuzha kwa mikono miwili. Kusema kweli alikuwa na fahari. Miberoshi yote ilikuwa imekamilika, imesalia mistari miwili ya mpaka wa chini, na aliyekitazama kwa mbele asingeona tofauti kubwa kati ya theluthi zile mbili za mkewe na theluthi yake.

"Hii nini, dirisha?" Bi Nuzha akasema, akiigusa mbao.

Alizichomoa pini moja moja na kuzidondosha kwenye sahani ya vileja. Rihab, na uso wake kwenye taulo, alizisikia zinavyogonga sahani, akazihesabu bila kutaka. Kumi na sita. Kisha akasikia kitambaa kinageuzwa.

Kwetu hakuna mwanamke anayepokea kazi ya kutarizi akaitazama mbele. Mbele yeyote anaweza kuidanganya. Anaigeuza. Nyuma ndiko unakoona mtu aliingilia wapi, alitokea wapi, alifunga fundo au alificha uzi chini ya mishono mingine kama inavyotakiwa, aliruka kutoka mti huu kwenda ule kwa uvivu au alikata na kuanza upya. Kazi nzuri, nyuma yake unaweza kuivaa. Binti wa miaka saba analijua hilo kabla hajaijua sindano yenyewe, kwa sababu kila anapompelekea bibi yake alichoshona, bibi anakigeuza kwanza. Hakuna anayeambiwa. Na kwa kuwa hakuna anayeambiwa, Rihab, kwa siku zote zile za kuisemesha sakafu, hakukumbuka kumwambia mumewe. Kitambaa kingekuwa mapajani, Nimr angeuona upande ule mwenyewe. Kwenye fremu hakuuona hata mara moja.

Juu, nyuma ya hema za Pasha, palikuwa safi kama mbele. Chini yake kulikuwa na mafundo makubwa kama punje za dengu, nyuzi ndefu zilizoruka kutoka mberoshi mpaka mberoshi, zingine zimelegea, zingine zimefungana, mikia imeachwa ikining'inia.

Chumba kikanyamaza. Rihab aliujua ule ukimya. Aliwahi kuusikia mara nyingi, ila siku zote ulikuwa wa wanawake wengine.

"Nyuma," akasema polepole. "Baba Dalal, sikukwambia habari za nyuma."

"Nyuma kuna nini?" Nimr akauliza. Alimtazama mkewe, akamtazama Bi Nuzha. "Si kunashonewa bitana? Nyuma hakuonekani."

Miaka thelathini alikuwa ameweka nyuma ya kila kigae kwenye saruji, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kukibandua kuangalia.

"Nani ameshona hapa, Mama Dalal?" Bi Nuzha akauliza.

"Mimi," Rihab akaiambia sakafu.

"Mimi," akasema Nimr.

Bi Nuzha akaitazama mikono yake, ile mikono mipana yenye plasta mbili, akaangalia tena kitambaa. Ghazi aliposimulia habari za uzi wanaume walikuwa wamecheka, na yeye alipoambiwa alicheka pia. Sasa hakucheka. Alikigeuza kitambaa mbele, akakilaza mapajani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mbele ni pazuri, Baba Dalal," akasema. "Wallahi, mbele ni pazuri."

Nimr angependa atukanwe. Aliona masikio yake yanawaka moto, akageuka akatazama komeo la mlango.

"Ni jicho?" Bi Nuzha akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni jicho."

"La kushoto?"

"La kushoto."

Bi Nuzha akaweka kiganja juu ya mgongo wa Rihab, akakiacha hapo. Rihab akaanza kuongea haraka. Alisema apewe mpaka Jumatatu. Angefumua yeye mwenyewe, kwa vidole tu, chachi bado ipo, mashimo anayasikia, na siku nne zikiisha bandeji inatoka na ataona. Alisema kama ni kulipa uzi ulioharibika, watalipa. Alisema miaka kumi na minane hajawahi kuchelewesha kifua. Yote hayo aliyasema bila kuinua kichwa, kwa sababu hata katika kuomba alimwogopa daktari, na maneno yake yaliingia kwenye taulo na kutoka yamefifia nusu.

"Kwa vidole utahesabu, najua," Bi Nuzha akasema. "Nyekundu ya giza na nyekundu ya damu ya mzee, utazitenganishaje?"

"Dalal atanitengea."

"Dalal yuko shule mpaka saa nane, Mama Dalal. Hina ni Alhamisi ijayo." Alikuwa ameshakikunja kitambaa. "Samiha yupo hapa hapa ukutani. Nitampa atafumua hiyo theluthi ya chini na kuimalizia. Wewe pumzika kwanza."

Kwenye neno lile Rihab akaacha kuomba. Bi Nuzha alipokuwa akiteremka ngazi, Nimr alimfuata mpaka nje, akasimama nyuma yake bila kujua alichotaka kusema. Mwishowe akamwomba amrudishie pini, kwamba ni za shule za mtoto. Bi Nuzha akamwambia ziko kwenye sahani.

* * *

Jioni ile sauti ya mkasi wa Samiha ilipita ukutani, au Rihab aliiwazia. Nyumba zetu kuta zake ni nene, za mawe, na mkasi wa kufumulia ni mdogo. Lakini aliendelea kuuambia ukuta, "Taratibu na chachi. Usiikate chachi."

Nimr hakurudi kwenye kiti cha mlangoni. Aliichukua ile fremu uani akaivunja kwa goti, halafu akaona aibu ya kuvunja mbao nzuri, akazipanga vizuri kando ya tangi la maji. Dalal alipotoka shule alikuta baba yake anakata vitunguu vya supu na macho mekundu, hakuuliza ni vitunguu au ni nini.

"Ungeniambia," Nimr alimwambia mkewe usiku wakati wa kumwekea dawa. Hakulisema kwa lawama.

"Ningekwambiaje? Mtu anamwambia mwenziwe apumue?"

Siku ya kumi na nne walikwenda kliniki ya macho mjini Khalil, kwa sababu kuomba kibali kingine cha Kudsi kungechukua nani ajuaye muda gani. Kizuizi cha barabarani kilikuwa kimefungwa, wakashuka kwenye teksi, wakalipanda tuta la udongo kwa miguu, Nimr akimshika mkewe kiwiko, wakachukua teksi nyingine upande wa pili. Daktari kijana aliitoa bandeji, akamulika taa, akaomba Rihab aseme anachoona.

"Mwanga," akasema Rihab.

"Na hapa, vidole vingapi?"

Kuhesabu kulikuwa kazi yake tangu ana miaka saba. "Vitatu," akasema.

Nimr, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, aliviona vidole vya daktari. Vilikuwa viwili. Daktari alivishusha, akaandika. Akawaeleza kwamba ngozi ile ikikaa imebanduka zaidi ya siku chache, hata ikirudi mahali pake hairudi na uhai wote, na hii imekaa wiki tano. Mngemleta mapema, akasema. Alisema hivyo kama daktari yeyote anavyosema, hakuwa na nia mbaya. Nimr alimkunjia mkewe bandeji ya zamani, akaitia mfukoni, akauliza mlango wa kutokea uko upande gani, ingawa alikuwa ameingilia huo huo.

Bi Nuzha alileta bahasha Jumanne. Ndani yake kulikuwa na malipo ya kifua kizima, si theluthi mbili. Nimr aliposema atarudisha iliyozidi, Rihab alimwambia arudishe. Lakini kufikia Jumatano iliyozidi ilikuwa imekwisha kuwa mtungi wa gesi na nauli za Khalil, na Nimr alipopita mbele ya nyumba ya Bi Nuzha alitazama upande wa pili wa barabara.

* * *

Alhamisi alasiri msafara wa hina ulipita mtaani kwetu, ukishuka kutoka kwa shangazi yake bi harusi kwenda kwa wazazi wake. Rihab alikuwa ameshasikia ngoma tangu mbali. Akataka kutoka. Nimr akamtolea kiti mlangoni, kile kile chake, akasimama kando yake mkono juu ya egemeo. Samiha na wanawake wengine walikuwa wamejipanga kando ya ukuta.

Bi harusi alikuwa mrefu, na alitembea polepole makusudi ili aonekane. Rihab alielekeza uso kwenye kelele.

"Amefika?"

"Yuko hapa mbele."

"Kifua vipi?"

Nimr akatazama. Alikitazama kile kifua kama anavyotazama sakafu aliyoianza mtu mmoja na kumalizia mwingine. Hakuna sakafu ya namna hiyo iliyowahi kumshinda. Siku zote kuna mstari ambapo mkono umebadilika, hata wenye nyumba wakiwa hawaujui. Aliutafuta chini ya hema za Pasha, akautafuta kwenye vilele vya miberoshi, akashuka hadi mpaka wa chini. Bi harusi alisimama mbele yao kwa heshima ya Rihab, akainama kumbusu shavu, na Nimr akakiona kwa karibu kabisa, kila mguu wa juu umelala upande mmoja.

"Kizuri," akasema.

Bi harusi alipopita, Rihab akamvuta mumewe sweta ainame.

"Pale nilipoishia mimi," akamwambia sikioni, "panaonekana?"

Angeweza kumdanganya. Lakini mkewe alikuwa fundi, na yeye pia alikuwa fundi, na Nimr hakujua hata ni jibu lipi kati ya hayo mawili lingekuwa uongo wa huruma.

"Hapaonekani," akasema.

Rihab akaitikia kwa kichwa taratibu. Kando ya ukuta wanawake walikuwa wamemzunguka Samiha, wakimwambia Mungu aibariki mikono yake, kifua kama hicho hakijawahi kupita mtaa huu, na Samiha alikuwa anajaribu kusema jambo, anaelekeza kidole kwenye kiti cha Rihab, lakini ngoma zilikuwa karibu na hakuna aliyemsikia. Mmoja wao akampigia kigelegele, wengine wakapokea.

Rihab akaweka kiganja mdomoni, naye akapiga kigelegele, kirefu kuliko vyao. Kisha akamwomba mumewe amrudishe ndani.